Kava yako ya gitaa la umeme ina tatizo: kutoka dalili hadi chanzo

Ukimpa mtu kava (wimbo wa msanii mwingine ulioupiga mwenyewe) uliyorekodi chumbani ukamwomba maoni, atakujibu kwa lugha ya sikio: "sauti inapasuka", "gitaa halisikiki", "kama umechelewa hivi", "kuna kitu hakijakaa sawa". Hizo zote ni dalili. Akikuonyesha sekunde iliyomkera, mwamini. Akianza kukuandikia dawa, subiri kwanza. Anayesema "pandisha gitaa" mara nyingi anasikia gitaa lililonyang'anywa masafa yake ya kati, na ukilipandisha utakuwa na gitaa lilelile, ila sasa linapiga kelele zaidi.

Chanzo hutafutwa kwa kurudi nyuma katika njia ambayo sauti imepita: vidole, uzi, pikapu (kifaa chini ya nyuzi kinachogeuza mtetemo wake kuwa umeme), kebo, intafesi ya sauti (kifaa kinachoingiza gitaa kwenye kompyuta), programu ya kurekodi, faili, na mwisho simu au spika ya msikilizaji. Hitilafu ikiingia mapema, kila hatua inayofuata inaibeba na pengine kuikuza. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, jizoeze kurekodi sauti kavu, yaani ile inayotoka kwenye gitaa kabla haijaguswa na amplifaya wala madoido. Ukitumia amplifaya ya ndani ya kompyuta, sauti kavu unayo tayari, basi usiifute. Ukitumia maiki mbele ya spika halisi, kisanduku cha DI (kinachopeleka sauti ya gitaa moja kwa moja kwenye intafesi) chenye tundu la kupitisha kitakugawia njia mbili. Vipimo vingi hapa chini vinaitegemea.

"Sauti inapasuka"

Distoshoni ya amplifaya, ule mkwaruzo wa makusudi wa gitaa la rock, ni sehemu ya ala, na huo si mpasuko tunaousaka. Mpasuko wa kidijitali hutokea pale wimbi linapogonga dari la 0 dBFS, kiwango cha juu kabisa ambacho rekodi ya kidijitali inaweza kubeba, na kilele chake kukatwa bapa. Fungua sauti kavu, nenda kwenye kodi uliyoipiga kwa nguvu kuliko zote, kisha kuza picha ya wimbi mpaka uone vilele kimoja kimoja. Vikiwa vimekatwa kama kwa rula, kosa liliingia kwenye intafesi. Zipo plagini (vijiprogramu vinavyofanya kazi ndani ya programu ya kurekodi) zinazodai kurudisha vilele vilivyopotea, lakini kwa gitaa kurudia kupiga ni haraka zaidi na matokeo yake ni bora.

Safari hii shusha geini (kiwango cha kuingizia sauti) mpaka mpigo wako mkali kabisa ufike karibu −12 dBFS. Wengi hurekodi juu sana kwa kuogopa kelele za chini, hofu iliyokuwa na maana enzi za tepu. Rekodi ya biti 24 ina nafasi ya kinadharia ya desibeli 144 hivi kati ya kimya na dari, ilhali ya biti 16 ina 96. Ukiacha desibeli 12 juu hujapoteza chochote.

Kama vilele vya sauti kavu ni vizima na bado unasikia mpasuko, songa mbele. Zima plagini moja moja, anzia ya mwisho kwenye njia kuu. Kama ndani ya programu kila kitu ni safi ila faili uliyotoa ndiyo inayopasuka, tazama dari la mwisho: kugeuza sauti kuwa MP3 au AAC hubadilisha umbo la wimbi, na kilele kilichokuwa kinagusa sifuri kinaweza kuvuka. Acha desibeli moja ya nafasi.

Kuna mikwaruzo isiyohusiana na nguvu ya mpigo. Vitiki vinavyotokea ovyo, hata kwenye noti laini, ni dalili ya kompyuta kuelemewa, kwa hiyo ongeza bafa (muda ambao kompyuta inajipa kuchakata sauti) au funga programu nyingine. Mikwaruzo inayokuja ukisogea ni ya kebo au tundu la gitaa. Inayokuja ukizungusha kitufe cha sauti ni uchafu ndani ya kitufe.

Waliorekodi kwa simu wana tatizo la peke yao. Simu hupandisha na kushusha kiwango yenyewe, na mfumo wake wa kuondoa kelele umetengenezwa kwa ajili ya maongezi. Noti ndefu iliyoshikiliwa kwa sekunde nne haina tofauti kubwa na mlio wa feni katika hesabu zake, kwa hiyo inaifinya. Mtu akikuambia "noti zako zinakufa mapema" na wewe unajua gitaa lako linashikilia vizuri, ushuku mfumo huo wa simu. Tumia programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima marekebisho ya moja kwa moja, na usiiweke simu juu ya amplifaya. Iweke mbali kidogo.

"Sauti ni kali, nyembamba" na ndugu yake "imeziba"

Ukali unaochoma masikio kwenye distoshoni karibu kila mara una maelezo moja: hakuna spika ya gitaa kwenye njia ya sauti. Spika ya gitaa ya inchi 12 haitoi sauti nyingi juu ya kilohezi 5 hivi. Distoshoni nayo huzalisha mawimbi mengi ya juu, na siku zote ni spika ndiyo iliyokuwa ikiyafyeka. Ukichomeka pedali ya distoshoni moja kwa moja kwenye intafesi, mawimbi hayo yote yanaingia bila kufyekwa. Weka plagini inayoiga kabati la spika baada ya amplifaya. Ikwalaiza (kidhibiti cha kupandisha au kushusha masafa) pekee haitakufikisha, ingawa ukifyeka juu ya kilohezi 6 utapata nafuu.

Kosa la upande wa pili ni kabati mbili: pedali ina yake, programu ina yake, na zote zimewashwa. Hapo gitaa husikika limezama na liko mbali. Zima moja.

Kama sauti imeziba hata bila madoido, angalia kitufe cha toni kwenye gitaa. Nacheka ninapoandika hivyo, ila kiangalie. Kisha tazama umechomeka wapi. Pikapu ya kawaida isiyotumia betri inataka kuingia kwenye tundu lenye ukinzani wa takriban megaomu 1. Tundu la laini huwa na kama kiloomu 10, linaibebesha pikapu mzigo, na masafa ya juu yanapotea kabla hujapiga hata noti moja. Kwenye intafesi nyingi kuna swichi yenye alama ya gitaa au neno Inst. Ibonyeze.

Kwa wenye maiki, sentimita moja ni jambo kubwa. Maiki ikitazama kitovu cha koni sauti huwa kali. Ikielekea ukingoni huwa nene na butu. Maiki ya Shure SM57, iliyoingia sokoni mwaka 1965, bado ndiyo inayowekwa mbele ya spika za gitaa kila kona, na wanaoifahamu huanzia pale kofia ya katikati inapokutana na koni. Isogeze taratibu huku rafiki akipiga, au rekodi vipande vifupi katika nafasi tofauti ukavilinganishe baadaye.

Tatizo gumu zaidi hapa si la waya. Mtu anarekodi usiku kwa sauti ya chini, anaongeza besi na ukali mpaka toni imjae, kisha msikilizaji anaifungua kwa sauti ya juu na kukuta ngurumo chini, sindano juu, katikati patupu. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu, sauti ikiwa chini, halisikii masafa ya chini na ya juu kwa uwiano ule linaoyasikia sauti ikiwa kubwa. Kwa hiyo toni uliyoitengeneza kwa kunong'ona haiwezi kuwa ileile ikipazwa. Pitia uamuzi wako wa ikwalaiza kwa viwango viwili vya sauti kabla hujatuma.

Na geini ya distoshoni, ipunguze. Kiasi kinachokupa raha ukipiga peke yako huwa kimezidi kwenye rekodi, kwa sababu kinafuta mshindo wa peki (kijipande cha kupigia nyuzi) na kugeuza kodi kuwa ukungu. Ukubwa wa gitaa la ridhimu unaousikia kwenye albamu za rock hutokana zaidi na kupiga sehemu ileile mara mbili, moja ikaenda kushoto, nyingine kulia. Lazima iwe mara mbili kweli. Ukinakili rekodi moja na kuiweka pande zote, unachopata ni sauti ileile ya katikati, kubwa zaidi.

"Kuna mvumo"

Sikiliza mvumo ni mzito au mkali. Ule mzito na laini wa hezi 50 au 60, kulingana na umeme wa nchi, unatoka kwenye waya za umeme na transfoma. Ule mkali wenye mlio wa nyuki unatoka kwenye chaja, taa zenye dima na skrini.

Mguso utakuambia mengi. Shika nyuzi kwa kiganja. Mvumo ukipungua, gitaa limeungwa vizuri na mwili wako ndio ulikuwa antena. Ukiongezeka, shuku kwamba waya za tundu la gitaa zimegeuzwa au ule wa ardhi umekatika. Ukihisi mshtuko wa umeme, hata mdogo, chomoa kila kitu na usiguse tena mpaka fundi umeme aangalie soketi na vifaa. Hapo hatuzungumzii tena rekodi.

Kisha chomoa chaja ya kompyuta mpakato na uendeshe kwa betri. Kelele ikikatika papo hapo, umeshapata jibu. Zungusha kiti digrii 90 ukiwa umelishika gitaa. Pikapu ya koili moja ina mwelekeo ambao mvumo karibu unatoweka, na huko ndiko utakakokaa ukirekodi, hata kama ni kutazama ukuta. Pikapu ya koili mbili huzunguka tatizo hili kwa koili zilizopinduliwa ili kelele ya moja ifute ya nyingine. Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya gitaa ya Gibson, aliombea hataza ya muundo wake mwaka 1955.

Geti ya kelele ije mwisho kabisa. Inanyamazisha mapengo tu. Ukiwa unapiga, mvumo uko palepale chini ya noti, na ukiifunga kwa nguvu itakata mikia ya noti zako. Kisha utaambiwa noti zinakufa mapema.

"Kama umechelewa hivi"

Malalamiko haya ndiyo yanayozua ubishi mwingi, maana mpigaji anajua alipiga kwa wakati. Huenda anasema kweli. Kuna uchelewaji wa mashine na uchelewaji wa mkono, na kuvitenganisha ni rahisi: wa mashine haubadiliki.

Washa mistari ya mapigo kwenye programu, weka metronomu, na upige noti fupi zilizokatwa kwa sekunde ishirini hivi. Kuza picha. Utaona mahali peki ilipogusa uzi, mstari mwembamba uliosimama mwanzoni mwa kila noti. Noti zote zikiwa zimekaa kulia kwa mstari kwa umbali uleule, mashine ndiyo inayochelewesha. Zikiwa moja kulia, moja kushoto, mbili juu ya mstari, huo ni mkono wako. Na kama mwanzoni ziko sawa kisha kila baa zinasogea kushoto kidogo, unakimbiza. Katika mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500 na robo yake ni 125. Kupotea kwa milisekunde 30 kila noti kunasikika kwa yeyote, hata asiyejua kuliita jina.

Uchelewaji wa mashine una vyanzo vichache. Kikubwa ni hedifoni za Bluetooth: sauti hukufikia ikiwa imechelewa, mara nyingi zaidi ya milisekunde 100, wewe unaifuata kwa uaminifu, na rekodi inaonekana imelala. Rekodi kwa hedifoni za waya, bila mjadala. Cha pili ni draiva, programu inayounganisha kompyuta na intafesi. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO iliyotolewa na watengenezaji wa intafesi yako. Programu hurudisha rekodi nyuma kwa kiasi ambacho draiva inaripoti, na draiva ikiripoti vibaya, kila kitu unachorekodi kinatua pembeni. Pima mwenyewe: unganisha kebo kutoka tundu la kutolea sauti la intafesi hadi la kuingizia, cheza mlio wa metronomu, uurekodi, ulinganishe na wa asili. Pengo likiwa sampuli 400 kwa kilohezi 48 (yaani sampuli 48,000 za sauti kila sekunde), hiyo ni kama milisekunde 8. Iandike namba hiyo kwenye mpangilio wa fidia ya kurekodi na usirudi huko mpaka ubadilishe kifaa.

Bafa inalaumiwa kuliko inavyostahili. Sampuli 256 kwa kilohezi 48 ni milisekunde 5.3 kwa upande mmoja, muda ambao sauti husafiri hewani chini ya mita mbili. Kwenda na kurudi ni zaidi ya mara mbili ya hapo, lakini wapiga gitaa jukwaani husimama mbali na amplifaya kwa umbali kama huo na bado wanashika mdundo. Ukiona 256 inakusumbua kweli, sikiliza gitaa moja kwa moja kupitia intafesi, na amplifaya ya programu uiongeze baadaye.

Kwa uchelewaji wa mkono, kukata na kusogeza noti kwenye programu kunaficha dalili. Ukiomba maoni juu ya upigaji wako halafu ukanyoosha kila noti, utapata maoni kuhusu kipanya chako.

"Nyuzi hazijakaa sawa"

Kabla ya kugusa gitaa, pima muziki unaousindikiza. Rekodi nyingi za zamani hazikai sawasawa kwenye A ya hezi 440 kwa sababu mwendo wa tepu ulibadilika kidogo, na bendi nyingi za rock hushusha nyuzi zote nusu toni. Chukua noti ndefu ya besi kwenye wimbo, iwekee tyuna, uone inasimama wapi. Kama ni senti 12 juu (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni), sogeza kipimo cha tyuna kuelekea 443 na utyuni hapo. Gitaa sahihi kabisa juu ya wimbo uliopanda hivyo litasikika limeshuka mwanzo hadi mwisho.

Kama muziki uko sawa, tazama gitaa. Piga noti ya freti ya 12 kwa kuibonyeza, kisha hamoniki ya hapohapo, yaani noti inayotoka ukiugusa uzi bila kuubonyeza. Iliyobonyezwa ikiwa juu ya hamoniki, kirudishe nyuma kitandiko cha uzi huo kwenye daraja ili uzi urefuke. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Fanya hivi ukiwa na nyuzi mpya zilizokwisha kuvutwa na kutulia, maana nyuzi chakavu hudanganya. Uzi unaopanda kwa kuruka, kwa mlio wa "tik" pale kichwani, umekwama kwenye nati (kipande chenye mifereji ya nyuzi mwisho wa shingo), na utateleza katikati ya solo. Na tyuni kabla ya kila jaribio, si kabla ya kikao.

Vidole vinafuata. Freti ndefu na mkono mzito hupandisha noti bila wewe kujua, hasa kwenye kodi, ambapo kila kidole kinabonyeza kwa nguvu yake. Rekodi kodi ileile mara mbili, moja ukibonyeza kama kawaida na nyingine ukibonyeza kiasi kidogo kabisa kinachotoa noti safi. Tofauti itakushangaza.

Halafu kuna kuvuta uzi, na hapa ndipo masikio ya wasikilizaji wengi huudhika bila kujua kwa nini. Jaribu hivi: uzi wa tatu, freti ya 9, hiyo ni E. Ipige, iache ikae masikioni. Rudi freti ya 7 kwenye uzi huohuo, piga D, uivute toni nzima mpaka ifike E ileile. Rekodi zote mbili na uzikague kwa tyuna baada ya kurekodi, usitazame tyuna ukiwa unapiga. Wengi huishia senti 20 au 30 chini, kisha huficha kwa kuitikisa noti. Mtikisiko unaoanzia chini ya noti na kurudi chini yake hausahihishi chochote. Noti lazima ifike kwanza, ndipo itikiswe. Tatizo likiwa hili, usilisake kwenye plagini.

Kuna hali moja ambayo kila kitu ni sahihi na bado kodi zinagombana. Katika mpangilio wa kawaida wa freti, thelathi kubwa (kama kutoka C hadi E) iko senti 14 hivi juu ya ile safi ya kimaumbile, na kwinti (kama kutoka C hadi G) inapungua senti 2 tu. Bila distoshoni huzioni senti hizo. Ukiwasha distoshoni nzito, thelathi inaanza kunguruma na kwinti inabaki imara, na ndiyo maana ridhimu za metal hujengwa juu ya noti mbili. Kama wimbo unadai kodi nzima, punguza geini, au igawe: rekodi noti za chini peke yake na thelathi kwenye njia nyingine.

"Gitaa halisikiki", au "limefunika kila kitu"

Yote mawili huweza kuwa kweli kwa gitaa moja katika wimbo mmoja. Gitaa lililokatwa masafa ya kati linavutia ukilisikiliza peke yake, lakini bendi ikiingia, chini kunachukuliwa na besi na ngoma ya mguu, juu kunachukuliwa na matoazi, na gitaa linabaki halina pa kukaa. Ndipo mtu anapandisha kiwango, na mlio wa chini unafunika besi.

Kata masafa yaliyo chini ya hezi 80 hivi. E ya chini kabisa ya gitaa la kawaida iko hezi 82, kwa hiyo unachokata ni mtetemo na mshindo wa mkono tu. Rudisha kati ya hezi 500 na 2000. Fanya marekebisho hayo muziki wote ukiwa unacheza. Kisha shusha sauti ya jumla mpaka karibu isisikike: chombo kinachobaki cha mwisho ndicho kilicho juu zaidi. Kwenye solo, kiwe gitaa. Kwenye ubeti, kama kuna mwimbaji, kisiwe.

Mwangwi nao husukuma gitaa nyuma. Ukihisi gitaa liko mbali, punguza mwangwi kabla ya kuongeza kiwango.

Matatizo yanayotokea baada ya kumaliza

Gitaa linasikika sikio moja: ulirekodi tundu la kwanza kwenye njia ya stereo. Ibadilishe iwe mono. Kama kwenye hedifoni ni pana na kwenye simu linatoweka, pande mbili zinafutana. Bonyeza kitufe cha mono kwenye programu na uzime madoido ya kupanua mpaka lirudi.

Wimbo unakwenda mbio na noti zimepanda: faili ya kilohezi 44.1 inachezwa kama ya 48. Mwendo huongezeka kwa takriban asilimia 8.8 na noti hupanda karibu toni moja kasoro robo. Weka mradi mzima, na intafesi, kwenye kiwango kimoja. Kama kuna video, 48.

Video na sauti haviendani: piga kofi mbele ya kamera mwanzoni na mwishoni. Pengo likiwa sawa pande zote mbili, sogeza sauti basi. Likikua kuelekea mwisho, simu ilirekodi kwa idadi ya fremu isiyo thabiti. Igeuze video iwe na fremu thabiti kabla ya kuihariri.

Ikisikika vibaya kwa uliyemtumia tu, muulize alipokea vipi. Sauti iliyorekodiwa kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp imebanwa kwa ajili ya maongezi. Tuma faili kama waraka, itafika kama ilivyo. Na kama YouTube inashusha sauti yako, huwa inafanya hivyo kwa zinazozidi takriban −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa jumla), kwa hiyo kuibana rekodi iwe kubwa kupita hapo ni kazi bure.

Kuhusu kava yako kuzuiwa mtandaoni: wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi. Ukipiga gitaa juu ya rekodi halisi ya wasanii, hata uliyoondoa gitaa kwa programu, umegusa zote mbili. Ukitumia muziki uliopigwa upya kwa ruhusa ya aliyeupiga, rekodi haina ubishi tena, ila utunzi bado ni wa mwenyewe. Mfumo wa Content ID wa YouTube, ulioanza 2007, hutambua rekodi na mara nyingi hata melodi. Kwa maoni tu, kiungo kisichoonekana kwa umma au faili kwa watu watano inatosha.

"Safi sana!" na kimya

Hii pia ni hitilafu, na chanzo chake ni swali. "Naomba maoni" linampa msikilizaji dakika nne za muziki bila mahali pa kushika, na mtu mwenye adabu atasema safi. Uliza jambo moja na ulipe muda: "Kuanzia 1:12 hadi 1:30, kuna sehemu noti ninazovuta hazifiki?" Mwambie pia kile asichoweza kusikia mwenyewe: nyuzi zimetyuniwa vipi, ni amplifaya au plagini, muziki wa nyuma ni wako au la. Bila hilo la mwisho, utapokea aya nzima juu ya ngoma ambazo hukuzigusa.

Tuma toleo lenye makosa madogo, siyo lililounganishwa kutoka vipande ishirini, kama unataka kujua upigaji wako. Kama unataka kujua toni, fanya kinyume: kipande cha sekunde 30, kilichopigwa vizuri, gitaa peke yake kisha na bendi.

Majibu yakikinzana, puuza sababu na uhesabu sekunde. Mmoja anasema mwangwi umezidi kwenye 2:05, mwingine anasema umechelewa hapohapo, wa tatu anasema toni imebadilika. Kuna kitu 2:05. Fungua sauti kavu ya sehemu hiyo na uanze tena na vidole. Badilisha jambo moja, lipe faili jina jipya lenye namba, na mtumie yuleyule aliyelalamika, bila kumwambia umebadilisha nini.